Mara nne ya nini? Vepu, saratani ya mapafu na takwimu iliyokatwa kichwa

Kuna takwimu moja inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu mwaka 2024, na kila inapopita mkono mpya inapoteza kipande. Ilianza kama matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani: watu wanaovuta sigara na vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kwa pamoja walionekana kuwa na hatari ya saratani ya mapafu mara nne zaidi ya wanaovuta sigara peke yake. Inapofika Mbagala au Kayole imeshakuwa "vepu inaleta kansa mara nne kuliko sigara". Mvutaji wa sigara wa miaka mingi anaisoma, anashusha pumzi, anawasha nyingine. Kijana mwenye vepu mfukoni naye ana takwimu yake ya kujibu: si Waingereza walishasema vepu ina nafuu kwa asilimia 95? Wote wawili wameshika kitu chenye ukweli ndani yake, ila kila mmoja amekishika upande usio wake.

Hoja yangu ni kwamba hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika vepu peke yake inaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa kiasi gani, na kwamba ukimya huo umetokana na umri mdogo wa kifaa chenyewe. Haujatokana na usalama wake. Hata hivyo, yaliyokwisha kujulikana yanatosha kutoa majibu mawili, moja kwa mtu anayevuta sigara na jingine kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta chochote. Huku kwetu vepu inamkuta zaidi huyu wa pili. Ndiyo maana hesabu iliyopigwa London kwa ajili ya wavutaji wa London haifai kushushwa Dar es Salaam au Nairobi bila kupigwa upya.

Tuanze na umri. Vepu tunayoijua ilibuniwa China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik, mvutaji sugu ambaye baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Ilifika masoko ya Ulaya na Marekani kati ya 2006 na 2007, na vile vidude vidogo vyenye chumvi ya nikotini, ambavyo ndivyo vilivyowanasa vijana, vilishika kasi baada ya 2015. Saratani ya mapafu haina haraka hiyo. Kwa kawaida hugundulika mtu akiwa na miaka 60 au 70, baada ya miongo ya chembe za mapafu kuharibika, kujirekebisha na kuharibika tena. Aliyeanza vepu mwaka 2015 akiwa na miaka 20 bado ni kijana. Hata kama kifaa hicho kingekuwa kibaya sawasawa na sigara, tusingetarajia kuwaona wagonjwa wake wakijaa wodini sasa hivi. Kwa hiyo anayesema "mbona hakuna aliyekufa" anatumia hoja ambayo mvutaji wa sigara wa mwaka 1910 angeweza kuitumia neno kwa neno, na angekuwa na haki kwa takwimu za siku yake.

Maana sigara nayo ilipita njia hiyohiyo. Mashine ya kusokota sigara ilipata hataza Marekani mwaka 1881, na bei ikashuka hadi kibarua akaimudu. Mwaka 1912 daktari Isaac Adler wa New York, aliyekusanya taarifa za wagonjwa wa uvimbe wa mapafu kutoka kila alipoweza, aliuhesabu ugonjwa huo kuwa miongoni mwa magonjwa adimu kabisa. Ushahidi mzito wa kuihusisha sigara na ugonjwa huo ulikuja mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wakiwa Uingereza, Ernst Wynder na Evarts Graham wakiwa Marekani. Mwaka uliofuata Doll na Hill wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, na matokeo ya miaka 50 ya ufuatiliaji yakachapishwa mwaka 2004: mvutaji wa maisha yote hupoteza wastani wa miaka kama 10 ya kuishi. Tangu mashine ile hadi ushahidi ule ni karibu miaka 70. Leo kuna maabara, kompyuta na kumbukumbu za bima, na sidhani tutasubiri muda mrefu kiasi hicho, lakini hakuna kompyuta inayoweza kuharakisha kuzeeka kwa pafu.

Wakati tunasubiri, tunaweza kuangalia kinachoingia kifuani. Kwenye vepu hakuna moto, na hilo ni jambo kubwa kuliko wapinzani wengi wa vepu wanavyopenda kukubali. Jani la tumbaku likiungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Vepu huchemsha kimiminika chenye propilini glikoli, gliserini, nikotini na viungo vya ladha, kwa waya unaopashwa moto na betri. Kinachotoka ni ukungu wenye kemikali chache mno kuliko moshi. Chache, lakini zipo. Vimiminika hivyo vikipashwa joto huvunjika na kutoa fomalidehaidi, asetalidehaidi na akrolini, na joto likizidi, kiasi chake huzidi. Waya nao huachia chembe za nikeli, kromiamu na risasi. Fomalidehaidi imo kwenye orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kama kisababishi cha saratani kwa binadamu, ingawa haki itendeke: iliwekwa humo kwa ushahidi wa saratani ya nyuma ya pua na ya damu, na ya mapafu haikuwa sababu. Ripoti kubwa ya vyuo vya kitaifa vya sayansi vya Marekani ya mwaka 2018 ilikuwa makini hapa. Ilisema upo ushahidi wa kutosha kwamba baadhi ya kemikali zilizomo kwenye ukungu wa vepu zinaweza kuharibu vinasaba, lakini kwamba kwa binadamu hapakuwa na ushahidi wowote, wa kuthibitisha wala wa kukanusha, kuhusu hatua za mwanzo za saratani.

Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakiongozwa na Moon-shong Tang waliwaweka panya wa maabara kwenye ukungu wa vepu wenye nikotini kwa wiki 54. Panya 9 kati ya 40 walipata saratani ya mapafu. Kwa wale waliovuta ukungu usio na nikotini hakupatikana hata mmoja, na kwa wale wa hewa safi alipatikana mmoja. Habari hiyo ilisambaa kama moto wa nyika. Sasa, panya hao walikuwa wachache, mwili mzima ulizamishwa kwenye ukungu, na panya hana mapafu wala maisha ya binadamu. Lakini tofauti kati ya ukungu wenye nikotini na usio nayo inasumbua, kwa sababu nikotini haijawahi kuorodheshwa na lile shirika la utafiti wa saratani kama kisababishi cha saratani, na Wasweden wanaoweka tumbaku mdomoni bila kuiwasha wametumia nikotini kwa vizazi bila kuonekana kuongeza saratani ya mapafu. Huenda tatizo si nikotini yenyewe bali kinachotokea inapoingia mwilini kupitia mapafu. Huo ni mlango wa utafiti, na anayeutumia kama hukumu, kwa upande wowote, amekwenda mbele ya ushahidi.

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walipima mkojo na mate ya wavutaji na ya watu waliohamia vepu kwa muda mrefu. Waliohamia kabisa walikuwa na mabaki ya kemikali moja ya tumbaku, mojawapo ya zile zinazohusishwa hasa na saratani ya mapafu, pungufu kwa asilimia 97 kuliko wavutaji. Waliochanganya vepu na sigara hawakupata nafuu ya maana. Naye William Stephens wa Chuo Kikuu cha St Andrews alipokokotoa nguvu ya kusababisha saratani ya kemikali zilizopimwa kwenye vepu, vipimo vingi viliangukia chini ya asilimia 1 ya moshi wa sigara. Vichache vilipanda juu sana, hasa pale waya ulipopewa umeme kupita kiasi. Kwa mvutaji wa paketi moja kwa siku, hizo ni habari njema na ni dhambi kumficha. Ile asilimia 95 ndiyo yenye msingi mwembamba. Ilitokana na kikao cha wataalamu kama dazeni moja waliopanga bidhaa za nikotini kwa makadirio yao wenyewe, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, kisha mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya England ikaibeba kwenye ripoti yake. Jarida la The Lancet lililaumu mara moja. Ni makadirio ya watu wenye busara, na huenda si mbali na ukweli kwa mvutaji anayehama kabisa. Lakini hayakupimwa kwa mtu yeyote, na hayakuwahi kumlinganisha mtumiaji wa vepu na mtu asiyetumia kitu.

Sasa turudi Ohio. Watafiti walichukua karibu wagonjwa 5,000 wa saratani ya mapafu, wakawalinganisha na zaidi ya watu 27,000 wasio na ugonjwa huo, wakaangalia nani alikuwa anavuta nini. Waliokuwa wakivuta sigara na vepu pamoja walionekana na hatari mara nne ya waliovuta sigara tu. Kumbuka kwenye namba hiyo waliolinganishwa wote ni wavutaji wa sigara. Mtu wa vepu pekee hayumo kwenye ile "mara nne", kwa hiyo kusema utafiti umeonyesha vepu ni mbaya kuliko sigara ni kumlisha mtafiti maneno. Kisha kuna swali la nani huongeza vepu juu ya sigara. Mara nyingi ni mvutaji mzito aliyejaribu kuacha akashindwa. Wakati mwingine ni mtu aliyeanza kukohoa, akaogopa, akanunua vepu apunguze, kumbe uvimbe umeshaanza. Katika hali hiyo vepu imeifuata saratani, na utafiti wa kutazama nyuma hutenganisha mambo hayo kwa shida. Hata hivyo sikubaliani na wanaoutupa utafiti huu kapuni. Pengo la mara nne ni kubwa mno kufutwa lote kwa maelezo hayo kirahisi, na linakubaliana na vipimo vile vya London kwamba kuchanganya hakumpi mtu nafuu.

Kwa maoni yangu, utafiti uliostahili kelele zaidi ni ule wa Korea Kusini, uliowasilishwa mwaka 2024 San Diego kwenye mkutano wa Jumuiya ya Magonjwa ya Kifua ya Marekani. Ulitumia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4.3. Walioacha sigara wakatumia vepu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa saratani ya mapafu kuliko walioacha sigara bila kushika vepu. Uoanishe na jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019 na kundi la Peter Hajek: baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa viraka vya kubandika kwenye ngozi, jojo na dawa nyingine za nikotini. Vepu ilishinda waziwazi. Lakini kati ya waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipokwisha. Ndio hasa watu ambao Wakorea wanawazungumzia. Maana yake ni kwamba swali la daktari kwa mgonjwa wake halipaswi kuishia "umeacha sigara?" Linatakiwa lifuatwe na "na vepu unaiacha lini?" Daraja ni la kuvukia, lakini wengi wamejenga nyumba juu yake.

Zipo hoja dhaifu ambazo sitazipa nafasi kubwa. Ya wauzaji ni kwamba "ni mvuke wa maji tu". Kimiminika kikuu mle si maji. Ya upande wa pili ni kuchukua maafa ya Marekani ya mwaka 2019, ambapo watu zaidi ya 2,800 walilazwa na 68 wakafariki kwa mapafu kuumia ghafla, na kuyaita ushahidi wa saratani. Yale yalifungamana hasa na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi za magendo. Yalikuwa janga la kweli, la ugonjwa mwingine. Mtu akishagundua kwamba umemtisha kwa kitu kisichohusika, hatakusikiliza utakapokuja na kinachohusika.

Kwetu hesabu inabadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima wakitumia tumbaku ya aina yoyote, na wanaovuta miongoni mwa wanawake walikuwa asilimia 0.8 tu. Tanzania mwaka 2018 watumiaji wa tumbaku walikuwa asilimia 8.7. Ukimwona binti wa chuo Nairobi na vepu, uwezekano kwamba anaitumia kuacha sigara ni mdogo sana, kwa sababu sigara hakuwa nayo. Kwake hakuna kemikali 7,000 zilizopunguzwa, kuna chache zilizoongezwa. Mpwa wangu mmoja aliniambia kwa utulivu kabisa, "Anko, hii si afadhali kuliko sigara?" Nikamuuliza sigara ipi, maana hajawahi kuvuta hata moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio Oktoba 2025 kwamba watu zaidi ya milioni 100 duniani wanatumia vepu, na angalau milioni 15 kati yao ni watoto wa miaka 13 hadi 15. Kwa mtoto wa miaka 13 hoja ya kupunguza madhara haina pa kushika. Na ladha ya embe na barafu haikutengenezwa kwa ajili ya mzee anayehangaika kuachana na sigara kali.

Wapo watakaosema basi pigeni marufuku, yaishe. Uganda ilifanya hivyo kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, vepu na shisha pamoja. Kenya imekwenda njia ya kudhibiti, na muswada wa marekebisho wa mwaka 2024 wa Seneta Catherine Mumma unataka vepu na vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni viwekwe chini ya kanuni za tumbaku. Sheria ya Tanzania ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule Hon Lik alikuwa bado anahangaika na kifaa chake China, kwa hiyo haikuweza hata kukitaja. Wanaopinga marufuku wana hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri: nchi inayofungia vepu huku sigara ikiuzwa moja moja kwenye kila genge imekiacha huru kile kinachoua kwa hakika na kukifunga kile kinachoshukiwa. Nakubali. Ila dawa yake si kuiachia vepu soko lote la vijana. Sigara moja moja iondoke gengeni, ladha za pipi ziondoke kwenye vepu, nikotini iwekewe kikomo kama Ulaya ilivyoweka miligramu 20 kwa mililita, na mvutaji sugu apate msaada wa kuacha hospitalini, ukiwemo wa vepu chini ya uangalizi kama vingine vimeshindikana. Leo kwenye hospitali nyingi za wilaya viraka vya nikotini havipatikani kabisa, na mtu anaambiwa tu "acha".

Kuna jambo moja zaidi ambalo mjadala wa mitandaoni haugusi. Kama vepu inasababisha saratani ya mapafu, sisi tutakuwa wa mwisho kujua. Mgonjwa akija anakohoa, amepungua uzito, makohozi yana damu, kwa kawaida ataanzishiwa dawa za kifua kikuu, na mara nyingi itakuwa sahihi, kwa kuwa TB ndiyo iliyojaa. Anayebaki bila nafuu hupelekwa mbele akiwa amepoteza miezi, mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya kifua iko mjini, na kinyama cha kupima kutoka kwenye pafu huenda kisichukuliwe kabisa. Kampala ina rejista ya saratani tangu miaka ya 1950, Nairobi, Eldoret, Kilimanjaro na Mwanza nazo zina zao, lakini rejista huhesabu kile tu kilichopimwa na kuandikwa. Na kwenye faili la mgonjwa swali ni lilelile la zamani: unavuta sigara, ndiyo au hapana? Binti wa vepu atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Takwimu zitakazokuja miaka ya 2040 zitatoka kwa Wakorea na Waingereza, watu ambao karibu wote walipitia kwenye sigara kwanza, na zitatusaidia kidogo kuhusu watu walioanza moja kwa moja na vepu. Kundi hilo tunalo sisi. Kulifuatilia hakuhitaji mashine: kwenye kliniki za kifua na za TB, kuanzia sasa, faili liulize kama mgonjwa anatumia vepu, tangu mwaka gani, na kama kabla ya hapo alivuta sigara, shisha au hakuvuta kitu.